Kuku Aliyerudishwa Mollo

Watu wakisikia kwamba niliumwa sonona na nikatibiwa kwa mazungumzo, huniuliza maswali mawili, tena kwa sauti ya chini: ulitibiwa wapi, na ulilipa shilingi ngapi. Nimeyajibu kwenye foleni ya maji na nyuma ya kanisa baada ya misa, na mara moja kwenye simu, kwa mtu ambaye hakutaka kutaja jina lake. Nimeona ni afadhali niandike yote kwa mpangilio, pamoja na lile kosa la kuku ambalo nusura linimalize, ili mwingine asiingie shimo lile lile.

Ninaitwa Emerensiana. Hapa Malangali, Ufipa, wananijua zaidi kama Mama Deo. Mume wangu, Kleofasi, ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na tuna watoto wawili. Kazi yangu ni kupita sokoni na kwenye maghala kuuliza bei za mazao, kisha kuzisoma redioni asubuhi: mahindi, ulezi, maharage, alizeti. Ni kazi ndogo, lakini inakufundisha kuangalia. Unajua muuzaji anayedanganya kabla hajafungua mdomo.

Ugonjwa ulinianza wakati wa baridi, mahindi yakiwa yameshaingia ndani. Hatukuwa na msiba. Kleofasi hakuwa na mwanamke mwingine. Watoto walikuwa wazima, na mwaka ule tulivuna hadi tukakosa pa kuweka magunia. Nasema hivi kwa sababu kila mtu aliyekuja kuniona alitafuta sababu, na nilipokosa ya kumpa aliondoka akiwa na yake kichwani. Na mimi niliitafuta. Sijaiona hadi leo.

Sauti ndiyo iliyotangulia kwenda. Mhariri wetu aliniita pembeni akaniambia, "Mama Deo, unasoma bei ya maharage kama unatangaza kifo." Nilidhani anatania. Kisha chakula kikageuka pumba mdomoni. Kitenge nilichokuwa nakifunga mara moja kikawa kinanizunguka mara mbili. Nywele zilikatika zikabaki kwenye kitana. Shingo iliniuma kama mtu aliyebeba debe kutoka mbali. Kuoga kukawa kazi: nilisimama bafuni mbele ya ndoo ya maji ya moto nikiiangalia hadi ikapoa, kisha nikatoka bila kujimwagia, nikajifuta uso uliokuwa mkavu ili Kleofasi adhani nimeoga.

Mama yangu anaishi Mollo, tulikozaliwa. Aliponiona wakati wa kupura ulezi hakuuliza kitu. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akapima kwa vidole, akasema kwa Kifipa kwamba tutakwenda kwa mtu. Nilijua mtu gani. Lazima nieleze desturi ya kwetu hapa, kwa sababu mengine yote yametokana nayo.

Katika ukoo wa mama, mgonjwa akipelekwa kwa mganga hupelekwa na kuku. Mganga akimpokea kuku, akamfunga miguu na kumweka ndani, amempokea na mgonjwa. Akimrudisha kuku, hasemi neno jingine na wewe humuulizi. Maana yake ameshaangalia na ameona hakuna wa kutibu. Unamrudisha mgonjwa nyumbani, unaita ndugu. Babu mzaa mama alirudishiwa kuku wake nikiwa mtoto. Nakumbuka watu walivyoanza kuja siku ile ile, na yeye akiwa bado anakula na kuvuta ugoro. Alizikwa kabla mahindi hayajakomaa.

Yule mtu wa mama alimpokea kuku wangu. Mama alirudi anaimba. Mimi sikupona.

Baadaye nilikwenda hospitali, kitengo cha afya ya akili, kwa sababu jirani yangu mmoja aliwahi kumpeleka kaka yake. Ukumbi wa kusubiri una mabenchi ya mbao yaliyolainika kwa kukaliwa, na kila mtu hukaa amegeuza uso ukutani ili asionekane na mtu anayemfahamu. Muuguzi alikuwa mmoja na sisi tulijaa hadi varandani. Alinisikiliza vizuri, kwa muda alioweza. Daktari akaniandikia dawa. Nilipokuwa nainuka muuguzi akasema:

"Dawa usiache. Lakini wewe unahitaji na mtu wa kukaa naye kila wiki, mkaongea. Na mimi foleni yangu unaiona."

"Nimpate wapi?"

"Yupo dada mmoja mjini, amesomea. Amepanga chumba nyuma ya kliniki ya meno. Ila pale ni binafsi."

"Bima wanapokea?"

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Pale ni mfukoni, mama."

Nilimpelekea Kleofasi habari hiyo kwenye karakana yake. Alisukuma miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso.

"Analipwa kwa kufanya nini?"

"Tunaongea."

"Mnaongea. Halafu?"

"Halafu narudi nyumbani."

"Mama Deo, ongea na mimi. Mimi bure."

"Nimejaribu, Baba Deo. Nikianza unatafuta spana ya kunirekebishia."

Ni kweli na anajua ni kweli. Kila nilipomwambia najisikia vibaya alileta kitu: soda, shuka jipya, sala ya novena, wazo la kufuga nguruwe. Alirudisha miwani machoni, akachomelea kidogo, akaizima mashine. "Nenda mara moja," akasema. "Tuone huyo dada anauza maneno ya aina gani."

Dada Zuhura ni mtu wa Tanga. Anaongea taratibu, kila neno amelipiga pasi. Chumba chake kilikuwa na viti viwili vya plastiki, meza yenye jagi la maji, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Saa nzima ya kwanza sikumbuki tulizungumza nini. Nilikuwa nafikiria bei. Mimi ninayeuliza bei kwa kazi, ninayeweza kumuuliza tajiri wa ghala mbele ya watu, nilishindwa kumuuliza mwanamke aliyekaa mbele yangu kwamba ananitoza kiasi gani. Niliona aibu, kama vile nilikuwa nimeenda kununua huruma.

Mwishowe yeye ndiye aliyesema, "Kuna kitu kimekukaa kooni tangu uingie."

"Ni shilingi ngapi?"

"Elfu thelathini kwa saa. Ilikuwa nikwambie mlangoni. Leo kosa langu, hutalipa."

Kwa hiyo wewe unayekwenda mara ya kwanza, uliza hata kabla hujafika. Piga simu, uliza bei, uliza na kama ipo nafuu kwa asiyeweza, maana mara nyingi ipo na haitangazwi. Uliza ukishindwa kufika utatozwa au hutatozwa. Dada Zuhura hakunitoza nikimwarifu jana yake. Nikikaa kimya, nililipa nusu. Uliza kama mnaweza kuongea kwa simu siku barabara imeharibika. Uliza amesomea wapi, wala usiogope, anayejua kazi yake hakasiriki. Mimi niliuliza pia atamwambia nani ninayosema. Akajibu, hakuna, isipokuwa akiona maisha yangu yako hatarini. Hapo ataita mtu, na angependa tukubaliane sasa ni nani. Nikataja jina la Kleofasi. Nilitaja tu ili tumalize.

Nilipouliza nitapona baada ya mara ngapi, hakunipa jibu nililolitaka. Alisema tuanze, tukifika mahali tukae tuangalie tena. Nikaona huyu ni mfanyabiashara.

Kusubiri kulikuwa kwenye benchi la kliniki ya meno, kwa kuwa mlango ulikuwa mmoja. Hiyo ilikuwa rehema ndogo ambayo hakuna aliyeipanga. Walioniona pale wote walidhani naumwa jino. Mzee mmoja Msukuma, mfugaji, shavu limemvimba kama amehifadhi kande, alinitazama akasema, "Mama, mimi nalia tangu Laela. Wewe jino lako mbona kimya?"

"Langu linauma kwa ndani, baba."

"Ohoo. Hayo ndiyo mabaya. Wakung'oe tu."

Na jirani yangu muuza vitumbua, ambaye alikuwa anapita pale, aliishia kunipigia kelele barabarani: "Mama Deo! Jino gani hilo linafika hadi mvua za kupandia? Au unampenda daktari?" Nilicheka. Nilistuka kusikia nimecheka.

Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinaanza. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa nimeanza kuoga. Nilikuwa nimemfokea Kleofasi, jambo ambalo Dada Zuhura alilipokea kama habari njema. Lakini mvua zilianza, na mvua Ufipa maana yake ni mbegu na mbolea. Redio ilikuwa imempa mwingine kipindi changu, mshahara umesimama. Hela ya mageti ndiyo iliyokuwa inatupeleka sote.

"Mwaka huu nanunua mbolea au nanunua maneno?" Kleofasi aliuliza siku moja wakati wa kula. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli.

Tulinunua mbolea kidogo na maneno kidogo. Dada Zuhura alinishushia hadi elfu ishirini, na tukawa tunaonana kila baada ya wiki mbili. Shamba tulilinyima, na baadaye mahindi yalitoka na rangi ya njano kuonyesha kwamba tulilinyima.

Mama alipata habari hizo kwa mdogo wangu. Aliteremka kutoka Mollo siku ya zamu yangu, amebeba kuku jike mwekundu na debe la ulezi. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Tulikaa benchi moja na watu wa meno, kuku kifuani mwake, hadi Dada Zuhura alipofungua mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mama yake. Nimesikia unahangaika na mtoto wangu. Nimekuja naye huyu." Akamnyooshea kuku kwa mikono miwili.

Dada Zuhura aliweka mkono kifuani. "Mama, nakushukuru sana. Lakini siwezi kumpokea. Wala ulezi. Naomba urudi naye nyumbani."

Mama hakushusha mikono mara moja. Alimtazama usoni, kama ninavyowatazama wauzaji. Kisha akamrudisha kuku kifuani.

"Umeangalia vizuri?" aliuliza.

"Nimeangalia, mama. Siwezi."

"Haya," mama akasema. Hakubishana. Alinigeukia, akanifunga vizuri kitambaa changu cha kichwa kama nilikuwa mtoto anayekwenda shule, akabeba debe lake, akaondoka.

Mnauliza, kwa nini sikusema kitu? Mimi nilijua desturi, na nilijua Dada Zuhura ni mtu wa Tanga, hajui habari za kuku wa kwetu. Mtu mzima angeunganisha mambo hayo mawili palepale. Lakini kichwa kilichoumwa hakiunganishi hivyo. Kichwa changu kilisema: kumbe amekuwa akiniangalia muda wote huu, na leo ametoa jibu. Nilikaa saa yangu, nikalipa, nikaaga. Nikamwona anaingiza hela kwenye pochi, nikafikiri: anachukua ya kazi aliyokwisha kuifanya.

Baada ya hapo ndugu wakaanza kuja.

Shangazi Fortunata alikuja na mayai, akakaa ukingoni mwa kitanda akaniomba msamaha kwa sufuria aliyoazima siku za harusi yangu. Sufuria yenyewe nilikuwa nimeisahau. Binamu kutoka Matai alikuja, akapiga picha na mimi. Katekista alikuja kusali, na sala aliyoichagua niliijua. Mama aliwachukua watoto wote wawili kwenda Mollo, akisema wakazoee. Hakusema wakazoee nini. Deo alisimama mlangoni na begi lake la shule, akauliza, "Mama, tunarudi lini?" Bibi yake akamvuta mkono.

Kleofasi peke yake hakujua kitu. Kwao ni huko Kalambo, hawana habari za kuku, na hakuna aliyeona vyema kumweleza mume mapema. Siku moja alikaa karibu nami akasema, "Ndugu zako siku hizi wamekuwa na upendo. Nilikuwa nawasema vibaya."

Sikuwa na huzuni hata, na hilo ndilo ninalotaka walioko hapo nilipokuwa walisikie. Nilihisi nafuu. Miezi yote ile nilikuwa napigana na hamu ya kutokuwepo, na kilichonizuia ni kwamba wengine walitaka niwepo. Sasa wote walikuwa wamekuja mmoja mmoja kunipa ruhusa. Niliacha dawa. Siku yangu ya kwenda kwa Dada Zuhura ilifika, sikwenda. Ikafika nyingine.

Alipiga simu mchana, mvua kubwa inapiga bati. Nilipokea kwa sababu simu ilikuwa karibu na mkono.

"Mama Deo, umenipotea. Ni hela?"

"Hapana."

"Kama ni hela tuseme. Zipo njia."

"Si hela. Si ulimrudisha kuku."

"Sikusikii, mvua. Nilimrudisha nani?"

"Kuku. Wa mama."

"Kuku yule ana nini, Mama Deo? Nifundishe, sijui."

Nikamweleza, kwa maneno machache, kama nasoma bei. Mvua ilikuwa inapungua na nilimsikia anavyopumua. Aliponijibu hakuanza na kuku.

"Unafikiria kufa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo waziwazi. "Ndiyo."

"Leo?"

"Sijui."

"Baba Deo yuko wapi?"

"Karakana."

"Inuka, usikate simu. Mpelekee. Mimi niko hapa nakusikia unatembea."

Nilitembea kwenye tope bila viatu, simu sikioni, naye akawa ananiuliza naona nini: nikamwambia naona bata wa jirani, naona geti la bluu ambalo halijakauka rangi. Kleofasi aliponiona alizima mashine. Alichukua simu, akasikiliza, uso ukambadilika, akasema "ndiyo" mara nyingi. Hakutafuta spana. Alinishika mkono, akaniweka kwenye bajaji, akanipeleka hospitali vile vile na tope langu miguuni.

Nililazwa. Sitaandika mengi ya wodini. Kulikuwa na mwanamke aliyeimba wimbo mmoja kutwa, na muuguzi aliyenikata kucha bila kuombwa. Kleofasi alileta uji asubuhi na jioni kwenye chupa ya chai, anakaa hadi nimemaliza. Kama uko mahali nilipokuwa siku ile ya mvua, usisubiri zamu wala usipange hela kwanza. Mwambie mtu aliye karibu, muende hospitali. Mengine yote niliyoyaandika hapa yanaweza kungoja.

Nilipotoka, Dada Zuhura aliniomba nije na mume wangu na mama. Tuliingia watu wanne kwenye kile chumba cha viti viwili. Mimi na Kleofasi tulikaa kwenye benchi lililoazimwa kwa watu wa meno. Mama alikuja na kuku yule yule. Yeye na Dada Zuhura hawakuamkiana vizuri.

"Ulimkataa mwanangu," alisema, na mimi nikatafsiri pale alipoingia Kifipa.

"Nilimkataa kuku, mama. Sikujua nilikuwa nakwambia nini. Nisamehe."

"Kuku na mgonjwa ni kitu kimoja."

"Kwetu kazini si kitu kimoja. Nikila zawadi zako leo, kesho nitamwonea haya mwanao, nishindwe kumwambia lililo gumu. Ndiyo maana tunakatazwa."

Kleofasi alikuwa ananitazama mimi, kisha mama, kisha mimi. Niliona jambo linamfikia taratibu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kwa hiyo Shangazi na mayai yake… walikuwa wanakuja kuaga?"

Mama akainamia kuku wake.

"Na mimi nikawanunulia soda!"

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka huku amefunika mdomo kwa upande wa khanga, na cheko likageuka, akawa analia, mabega yanatikisika, kuku naye anapiga kelele kifuani mwake. Sijawahi kumwona mama analia ila kwenye mazishi. "Niliwapeleka watoto shambani kwangu," alisema. "Niliwaonyesha watakapolala."

Alipotulia akarudi kwenye hoja, maana ni mtu wa hoja. Mtoto wake anatibiwa, na yeye mama amekaa Mollo na ulezi umejaa ghalani hautoi kitu. Hilo hawezi. Dada Zuhura alifikiri. Akasema zawadi hapokei, lakini malipo anapokea. Kama ulezi utapimwa na kuhesabiwa kwa bei ya sokoni ya wiki hiyo, bila kuzidisha wala kupunguza, ukaingia badala ya elfu ishirini, yeye ana mtoto mdogo na uji anapika kila siku. Kinachobaki atakiuza.

"Na huyu?" Mama akamwinua kuku.

"Huyo ni wa siku ya mwisho. Tukimaliza mimi na Mama Deo, nitapanda Mollo mwenyewe tumle."

Mama alimkagua tena uso. "Utamchinja mwenyewe. Najua ninyi Waislamu hamli tulichochinja sisi."

"Nitamchinja mwenyewe."

"Kwa hiyo hukumrudisha. Unamngojea."

"Namngojea, mama."

"Haya. Ulezi debe bei gani sasa?" Mama aliuliza, na wote watatu wakanigeukia.

Sikujua. Kwa miaka yote niliyofanya ile kazi, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza bei ya ulezi nikakosa jibu. Dada Zuhura akasema basi hiyo ndiyo kazi yangu ya wiki: niende sokoni, niulize, nimletee.

Ilinichukua siku kadhaa kufika. Mara ya kwanza niliishia kwenye kona ya wauza mitumba nikarudi. Mara ya pili Kleofasi alinisindikiza hadi geti, akasimama pale kama mtoto anayesubiri pipi. Niliingia. Harufu ya dagaa wa Kasanga ilinipiga usoni na sikuichukia.

"Mama Deo!" Yule muuza nafaka wa mwisho wa safu alidondosha kisado. "Sisi tulisikia ulishakwenda!"

"Bado. Ulezi debe ngapi?"

Akataja bei. Nilimwangalia.

"Wewe," nikasema. "Niambie ya kweli."

Alicheka, akapunguza. Niliirudia ile bei kichwani njia nzima hadi kwa Dada Zuhura, kwa sauti, watu wakinitazama.

Sitawadanganya kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Mwaka uliofuata, baridi ilipoingia, nilianguka tena, si chini kama mwanzo. Dawa nameza hadi sasa. Mavuno yale yalikuwa mabaya, kwa sababu niliyoisema. Watoto walirudi baada ya Pasaka, na Deo alikaa muda mrefu analala akiwa amevaa viatu, akiona mtu anafunga begi anatafuta mkono wangu. Hilo halina bei ya sokoni na bado tunalilipa. Shangazi Fortunata anaona aibu kunitazama, sufuria hajairudisha.

Redioni nimerudi, siku mbili kwa wiki. Kwa Dada Zuhura sasa naenda mara moja kwa mwezi. Ulezi wa mama ukiisha msimu, Kleofasi analipa, na siku hizi ndiye anayenikumbusha tarehe. Nilipomwambia napunguza ili tununue mbolea ya kutosha, alisema mbolea ana mpango nayo, mimi niende nikanunue maneno.

Kuku yuko Mollo. Ameshatotoa mara nyingi, amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Mtoto akimrushia jiwe, mama anamfokea kwamba huyo si wetu, ni wa yule dada wa Tanga. Kila nikitoka kwenye kile chumba na kukaa benchi la meno kuvaa koti langu, simu inaita.

"Ametaka kuku?" mama anauliza.

"Bado, mama."

"Haya," anasema. "Basi urudi tena."